Diski za Dunia Katika Ghala la Mbata

Sijui ni nani aliyeamua kuigawa dunia kwa namba ili mtu wa Msambweni asiweze kutazama filamu ya Mmarekani. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa nimehitimu chuo cha ualimu na nangojea kupangiwa shule, niligundua kwamba kila diski ya filamu ilichapwa namba ya eneo lake: Marekani moja, Ulaya mbili, sisi huku tano. Deki niliyoletewa na binamu yangu kutoka Dubai ilisoma namba mbili tu. Diski ya namba tano sikupata kuiona hata dukani.

Hata hivyo nilizikusanya. Niliamini, na ningali naamini, kwamba kijana akishaona jinsi watu wa nchi nyingine wanavyozikana, wanavyogombana na kupatana, hatakubali tena kudharauliwa. Nilitaka kuanzisha maktaba ya filamu, na mahali pake nilikuwa nimekwisha kupachagua: ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, lililobaki tupu kijijini petu. Kwa bahati mbaya mfanyabiashara mmoja wa kutoka bara, mwenye duka Ukunda, alilitaka pia, apate kuonyesha video za mapigano kwa kiingilio. Kamati ya kijiji ikaamua nionyeshe filamu moja Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Ikiwafaa watu, ghala lingekuwa langu; isipowafaa, lake.

Mkusanyaji wangu mkuu alikuwa mjomba, ndugu wa mama, mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani. Wageni wakikaribia kuondoka, aliwaomba diski walizokwisha kuzitazama. Kwa kuwa askari wa getini hakumruhusu mfanyakazi kutoka na hata kipande cha sabuni bila barua ya mgeni, kila diski ilinifikia na hati yake, kama abiria mwenye pasipoti. Zilikuja za Wajerumani, za Waingereza, za Wataliano. Za Wamarekani ndizo zilizokuwa nyingi, na zote deki ilizitema.

Kwa Jumamosi ile nilichagua filamu ya Kiingereza, ili niifasiri mwenyewe kwa uaminifu. Asubuhi nikaenda kwa mjomba kuzichukua diski, maana yeye ndiye aliyezitunza. Nilizikuta juu ya bati la banda la kuku, zimepangwa kama mbata, zinameremeta.

"Shikamoo, mjomba. Kulikoni?"

"Marahaba, mpwangu. Nimezipaka mafuta ya nazi kidogo, kisha nikazianika. Kamati isije ikasema tunawaletea vitu vichafu."

Nilizifuta, nikaziosha kwa sabuni, lakini jua lilikuwa limekwisha kuzipinda kama chapati. Ilisalimika moja tu, aliyokuwa ameisahau mfukoni mwa sare yake: ya Kitaliano, na maandishi yake chini ya picha yalikuwa ya Kitaliano vilevile.

"Usihuzunike," akasema mjomba. "Kitaliano nitakifasiri mimi."

Alasiri ghala likajaa. Miongoni mwa watazamaji walikuwamo wazee waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa. Filamu yenyewe, kwa kadiri nilivyoweza kuielewa kwa macho, ilihusu kiwanda kinachofungwa, na baba anayeshindwa kumwambia mkewe. Ilikuwa kana kwamba imetengenezwa kwa ajili yao. Lakini Kitaliano cha mjomba kilikuwa cha vyumbani na cha mezani, na pale kilipoishia hakunyamaza.

"Huyu bwana asema chumba chake hakina maji ya moto."

"Mbona analia?" akauliza mama mmoja.

"Wazungu hao, mama. Nimewaona wakililia taulo."

Mzee mmoja wa Ramisi akanyoosha fimbo yake kwenye picha. "Geti hilo limetiwa mnyororo. Kwa nini?"

"Hoteli imejaa, mzee wangu. Wamezuia wageni."

Watu wakacheka hadi wakapigana makofi ya mgongo. Nami nilikaa nikiuma meno. Kwetu mjomba hapingwi hadharani na mpwawe. Mtu akimkosoa ndugu wa mama yake mbele ya watu, aibu inamwangukia mama. Mama alikuwa ameketi safu ya mbele, amejitanda leso yake mpya.

Filamu ilipokwisha, yule mfanyabiashara aliinuka. "Huyu jamaa anawadanganya! Mimi siwezi Kitaliano, lakini hiyo si hoteli, ni factory!"

"Umekuja kutazama au kutukana wazee?" mwenyekiti wa kamati akamkatiza. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, ghala ni lako. Ila filamu zote zifasiriwe na mjomba wako."

Mtu pekee aliyesema kweli siku ile alikuwa mshindani wangu, nami nilimwacha aketi kwa aibu.

"Ahsante, mwenyekiti," nikasema.

Tulipokuwa tukikunja waya, mjomba akanong'ona kwamba Mjapani wa ghorofa ya juu anaondoka Jumatatu, na diski zake ni namba mbili, yeye mjomba amekwisha kuisoma migongoni mwa makasha.

"Mjomba, Kijapani hukijui!"

Akanitazama kwa huruma. "Kwani Kitaliano, wewe, waniona nakijua?"