Mgonjwa Aliyeniitikia kwa Heshima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, nilipokaribia kumuua mama wa watu kwa haraka zangu. Nakuambia habari hii sasa kwa kuwa Jumatatu unaanza mazoezi ya hospitali, na nimeona sare yako umeshaipiga pasi mara tatu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, huku Nchelenge, mpakani na Kongo. Shule yetu ilitupeleka kwa miezi mitatu katika hospitali ndogo ya misheni kando ya ziwa, tukafanye kwa mikono yale tuliyoyasoma. Darasani nilikuwa wa kwanza. Mifupa yote ya mwili niliijua kwa majina ya Kiingereza, na wodini nilitembea kama mtu aliyekwisha kuhitimu.

Katika wodi ya wanawake alilazwa Mama Feza, aliyevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka upande wa Kongo. Alikuwa na uvimbe tumboni, apasuliwe kesho yake asubuhi. Jioni Sista, yule Mzungu aliyetusimamia, aliniagiza nimwambie asile wala asinywe kitu. Mama Feza alisema Kiswahili. Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha kununulia samaki tu. Basi nikamweleza kwa Kibemba, lugha ya kwetu, upesi upesi, hata sikuketi. Akaitikia kwa kichwa. Nikaandika kwenye kadi yake kwamba ameelewa, nikaenda zangu.

Asubuhi nikitandika vitanda akanijia Mama Kalenga, mfagizi wa wodi, mjane aliyezaliwa ng'ambo vilevile. Alishika sahani iliyobaki makombo ya ugali.

"Mutoto wangu, ule mama amekula bukari na samaki. Dada yake alimuletea. Jana ulimuambia nini?"

"Nilimwambia asile. Aliitikia kwa kichwa."

"Ulimuambia kwa Kibemba. Mutu mugeni anaitika juu ya heshima. Haiko kusema amesikia."

Tulikuwa tumefundishwa kwamba aliyeshiba akipewa dawa ya usingizi aweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafia pale pale mezani. Lakini nisikufiche, mwanangu: niliyemfikiria kwanza hakuwa yule mama. Nilifikiria ripoti yangu, ambayo Sista angeiandika wiki ile ile. Nikamwomba Mama Kalenga anyamaze, nami nitasema mgonjwa ana homa ili upasuaji uahirishwe.

Hakunigombeza. Aliniwekea ile sahani mikononi.

"Miye niko mufagizi," alisema. "Weye ndiye uliandika. Enda useme vile ilivyokuwa, na uende mbio."

Nilipogeuka, kitanda cha Mama Feza kilikuwa kitupu. Walikuwa wamekwisha kumchukua. Nilikimbia na sahani yangu mkononi mpaka mlangoni pa chumba cha upasuaji, nikamkuta Sista ananawa.

"Sista, amekula," nikasema. "Nilimweleza kwa lugha asiyoijua, nikaandika kuwa ameelewa."

Aliacha kunawa, akaingia kumzuia daktari.

Mama Feza alipasuliwa siku mbili baadaye. Safari hii Mama Kalenga ndiye aliyemweleza, nami nimeketi kando nikisikiliza kila neno. Alipona, akarudi kwao. Mimi kosa langu liliandikwa kwenye ripoti, nikarudia miezi yote mitatu huku wenzangu wakiendelea mbele. Nililia, nakiri. Lakini katika miezi ile Mama Kalenga alinifundisha Kiswahili tukikunja shuka, na ndicho nilichowauguzia watu wa pande zote mbili za ziwa mpaka nilipostaafu.

Basi, mwanangu, ukifika wodini, keti unapomweleza mgonjwa, kisha umwombe akurudishie kwa maneno yake mwenyewe. Kama huijui lugha yake, mtafute anayeijua, hata kama kazi yake ni kufagia. Usiandike kwenye kadi jambo usilolihakikisha. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema mapema kabla mtu hajaumia, hata kama utarudishwa nyuma mwaka mzima.

Mungu akupe subira na wagonjwa wako, aibariki mikono yako, na wengi utakaowahudumia warudi makwao wakitembea kwa miguu yao.