Eda ya Mwanahawa

Uyombo ya wakati ule haikuwa njiani kwenda popote. Ukifika, ulikuwa umekusudia kufika. Nyumba chache za makuti, msikiti mdogo, na pwani yenye tope jeusi ambamo wanawake walifukia makumbi ya nazi mpaka yakaoza, wakayafukua, wakayapiga kwa rungu, wakasokota kamba. Kazi hiyo inanuka, na anayesema ameizoea ni mwongo. Mwanahawa aliifanya tangu aolewe na Bakari. Tangu Bakari achukuliwe kubeba mizigo ya vita vya Mjarumani, ndiyo iliyomlisha yeye na mkwewe, Bi Mwanaiki.

Vita vilipokwisha alirudi Mwambire, Mgiriama wa bara aliyechukuliwa siku ile ile aliyochukuliwa Bakari. Alirudi mifupa mitupu. Alikaa barazani kwa Bi Mwanaiki akasema kwamba walipokuwa wakirejea, mwandamo wa mwezi huu huu, Bakari alikufa kwa homa upande wa Taveta, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfukia.

"Na wewe ulikuwa na homa?" Bi Mwanaiki akamwuliza.

"Sote tulikuwa nayo, mama."

"Basi. Mwenye homa huona mengi. Mwanangu hajafa."

Mwanahawa aliyasikia yote akiwa mlangoni, na moyoni mwake hapakuinuka kitu. Alingoja kilio kije, hakikuja. Akatoka akaenda pwani, kwa kuwa maji yalikuwa yametoka.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alitoa neno lake: Mwambire si mtu wa uongo, basi mke aingie eda, asitoke nje mpaka iishe. Bi Mwanaiki hakutaka kusikia. Mkaza mwanawe akikaa eda, Bakari atakuwa amekufa kweli, na hilo hakulikubali ndani ya nyumba yake. Tena, nani atakayepiga makumbi?

Mwanahawa hakubisha. Wambeya wa kisimani, na Uyombo haikupungukiwa nao, wakasema hana haya, mume kafa naye yuko topeni. Maneno hayo nayo yakampita. Alikula bila kuonja, akapiga makumbi, akasokota. Alichotaka ni kimoja tu: aambiwe yeye ni nani, mke wa mtu au mjane. Mimi nasema wazi, ule ulikuwa uonevu, kumnyima mtu hata msiba wake.

Asubuhi moja ya bamvua, maji yametoka mbali, aliamka akakuta rungu halipo, na mkwewe hayupo. Bi Mwanaiki, ambaye magoti yalikuwa yamemkataza pwani kwa miaka, alirejea jua limeshapanda, leso imelowa tope mpaka kiunoni, amebeba tita la makumbi mgongoni. Akalitua uani. Hakumtazama Mwanahawa usoni.

"Vua bangili zako, mwanangu," alisema. "Ingia ndani ukae eda. Makumbi nitapiga mimi."

Akaketi chini, akaweka kumbi juu ya gogo, akaanza kupiga, taratibu na vibaya, maana mikono ilikuwa imesahau. Mwanahawa aliingia chumbani. Akavua bangili ya kwanza. Ya pili ikakwama kwenye kiganja, na hapo ndipo alipofiwa.