Kadi ya Saba Haijakauka

Haya sikuhadithiwa na mtu, wala sikuyaona kwenye simu. Yalinifika mwenyewe, Wete, barazani kwetu, baada ya sala ya alasiri, nikiwa macho na kazi iko mkononi. Nayasema haya mapema kwa sababu najua yupo atakayesema nilisinzia. Mtu gani anasinzia huku amekamata brashi yenye rangi?

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kadi. Si kadi za mwaliko. Ni vile vikadi vidogo vyenye tundu na uzi, ambavyo watu hufungia kwenye zawadi za harusi, kwenye chupa ya mafuta mazuri au kikopo cha udi. Nilikuwa nafundisha chekechea, skuli ikapunguza walimu, nikarudi kukaa nyumbani na Mama. Hapo ndipo nikajifunza kadi, kwa kutazama video na kuharibu maboksi mengi.

Nakata boksi gumu. Nabandika juu yake kipande cha kanga kuukuu au gazeti, kisha napaka rangi nyeusi. Ikikauka, naifunika kwa gundi nyeupe, ile wanayotumia maseremala, na kabla gundi haijakauka sawasawa napitisha rangi nyeupe juu. Halafu nasubiri. Ile nyeupe inaanza kupasuka yenyewe, inatoa nyufa, na weusi wa chini unachungulia. Kadi inakuwa kama ukuta wa chokaa wa nyumba ya zamani. Mwisho naandika jina kwa wino, nabandika punje mbili za karafuu pembeni, natia uzi wa ukindu. Watu waliipenda kazi hiyo mpaka Chake.

Ila kuna jambo moja la gundi nataka ulijue, maana bila hilo hutanielewa huko mbele. Gundi ikiwa nyembamba, rangi inakauka upesi na nyufa zinakuwa kama nywele. Ikiwa nzito, nyufa zinakuwa pana, lakini utasubiri sana. Na siku ya mvua utasubiri zaidi.

Siku hiyo ilikuwa mvua tangu asubuhi. Mama alikwenda nyumba ya tatu kutoka kwetu kumtazama mgonjwa. Ndani kulikuwa na mdogo wangu Raya peke yake, amelala. Raya alikuwa na mimba ya kwanza, imeshaingia mwezi wa tisa, na mumewe yuko Unguja kikazi, kwa hiyo Mama alimchukua ajifungulie kwetu. Mimi nimekaa barazani, mlango wa nyumba uko nyuma yangu, meza yangu fupi iko mbele.

Nikasikia hodi. Nikainua macho, nikamuona mwanamke wa makamo, kavaa buibui la kizamani, uso wote kaupaka liwa, ule msandali wanawake wanaousaga wakajipaka. Liwa yenyewe ilikuwa nzito na mbichi, kama ndiyo kwanza imetoka kusagwa. Nikamwamkia, akaitika, akakaa kitako ukingoni mwa baraza, kaipa mvua mgongo. Buibui lake lilikuwa kavu. Nililiona hilo, lakini sikulitilia maanani. Nilidhani kashushwa na gari mlangoni.

Akasema katoka Wambaa. Kasikia hapa pana mtoto anatengeneza kadi zinazopasuka, naye anazitaka saba. Nikamwambia kwa mvua hii aje kesho. Akasema kesho hawezi, atakaa hapo hapo, na kabla ya magharibi atakuwa keshaondoka. Nikamuuliza harusi ni ya nani.

"Si harusi," akasema. "Ni wageni wangu. Nnataka kila mtu ajue pahala pake pa kukaa."

Basi nikaanza kazi. Maboksi yalikuwa yameshapakwa weusi tangu jana, kwa hiyo nilitia gundi nyembamba kwenye sita zilizoenea mezani, nikapitisha nyeupe, ya saba nikaiweka kando. Nilitarajia kungoja karibu saa nzima. Yule bibi akanyoosha mkono, akagusa ncha ya kadi ya kwanza kwa kidole kimoja. Nyufa zikatoka pale kwenye kidole, zikakimbia mpaka mwisho wa kadi, na rangi ikawa kavu. Akagusa ya pili. Akagusa zote sita.

Utaniuliza kwa nini sikusimama nikaingia ndani. Hata mimi nimejiuliza. Jibu langu ni kwamba mtu akiona jambo asiloweza kulieleza, kwanza hutafuta namna ya kulieleza. Nilijiambia labda gundi hii mpya ina dawa. Niamini, ndivyo nilivyowaza, na nikachukua kalamu.

Nina mazoea ya kuandika majina kwenye daftari kwanza, kwa penseli, nisije nikaharibu kadi. Akawa anataja, naandika. Mize Kombo. Chumu Shaame. Hidaya Juma. Mwanakombo Faki. Time Makame. Saada Khatib. Alikuwa akitaja taratibu, na baada ya kila jina alisubiri mpaka nimalize kulihamishia kwenye kadi. Alikuwa mteja mwenye adabu kuliko wengi.

La saba akasema, "Raya Hamad."

Pemba hii ina akina Raya Hamad wangapi? Wengi tu. Mdogo wangu ni mmoja wao. Kalamu ilisimama, lakini niliuliza kama mtu anayeuliza herufi.

"Raya Hamad wa wapi, bibi?"

"Huyo aliyelala humo ndani," akasema. "Kwa ubavu wa kushoto."

Sikupiga kelele. Akili ikawa nyepesi, inaona kila kitu. Niliona kwamba mimi niko kati yake na mlango. Niliona kwamba nikikataa, sijui atafanya nini, na kwamba nikiandika, sijui nitakuwa nimefanya nini. Na niliona kwamba kadi ya saba bado haijapakwa.

Nikamwambia hiyo sijaitia rangi, asubiri kidogo. Nikachukua chupa ya gundi, nikaikamua juu ya lile boksi jeusi mpaka ikasimama kama uji mzito. Sikuisambaza. Nikaimwagia rangi nyeupe juu, nzito vilevile. Mtu wa kazi hii angeniona angesema nimerukwa na akili, maana hiyo si kadi tena, ni tope.

Akanyoosha mkono akagusa. Haukutoka ufa. Akagusa tena kwa nguvu zaidi, kidole kikazama, akakitoa kimejaa nyeupe. Akakitazama.

"Mbona hii haikauki?"

"Mvua, bibi."

"Zile sita zilikauka."

"Zile gundi yake ilikuwa nyembamba."

Nilikuwa nasema kweli tupu, na nadhani ndiyo maana sauti yangu haikutetemeka. Akaniambia niandike hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba ukiandika juu ya mbichi wino unatawanyika, jina halisomeki, na mgeni wake hatajua pahala pake. Kisha akasema atasubiri.

Tukakaa. Sijui ilikuwa muda gani. Kila mara aligusa kadi, na kila mara kidole kilizama. Nilitaka kusoma Ayatul Kursiy, naijua tangu chuo cha Kurani, lakini kila nikifika katikati nasahau, naanza tena. Ndani nikamsikia Raya anajigeuza kitandani.

"Dada, unazungumza na nani?"

Yule bibi akauinua uso kuelekea mlangoni. Nikasema bila kugeuka kwamba ni mteja, alale, asitoke kwenye baridi. Raya akabaki ndani. Sikupata kumshukuru kwa kunitii, maana hajui alinitii katika jambo gani.

Wakati huo liwa ilikuwa inakauka. Liwa ikikauka usoni hupasuka, kila mwanamke anajua, hilo si ajabu. Ilianza kwenye paji la uso, ikashuka pembeni ya pua, ikafika mashavuni, nyufa nyembamba kama za kadi zangu. Kisha zikapanuka. Chini ya liwa panatakiwa pawe na ngozi. Mimi niliyekuwa mbele yake, hatua mbili, nilichokiona ndani ya zile nyufa ni mvua. Ilikuwa ile mvua ya njiani nyuma yake, inanyesha, na bati la nyumba ya mbele. Kapita mtu na baiskeli, nikamuona akipita shavuni mwake.

Ndipo msikitini wakaadhini magharibi.

Akasimama. Akazikusanya zile kadi sita, akazifunga kwenye ncha ya kanga aliyovaa ndani ya buibui, akakaza fundo. Akaitazama ya saba.

"Ikikauka n'tairudia," akasema.

Akashuka barazani akaingia mvuani. Sikumfuata kwa macho. Pale alipokaa palibaki unga mkavu wa liwa, nikaufagia.

Mama aliporudi nilimueleza jikoni, kwa sauti ya chini. Mama si mtu wa kuamini kila kitu, alinisikiliza huku anakuna nazi. Nikamletea daftari. Alisoma jina la kwanza, akaacha kukuna. Alisoma mpaka la sita, kisha akaenda kufunga mlango wa jikoni.

Mize Kombo alikuwa shangazi yake Mama. Chumu Shaame ni mke wa mjomba wake, alifariki kabla Mama hajazaliwa. Hidaya, Mwanakombo na Time ni wa ukoo wa bibi yetu mzaa mama, watu wa Wambaa, na majina yao mimi sikuwahi kuyasikia. Saada Khatib tulimzika mwaka uliotangulia, na kumbe huyo nilimjua kwa jina la nyumbani tu. Wote sita walifariki uzazini.

Mama alitaka tuichome ile kadi. Nikamwambia moto utaikausha. Tukaitia kwenye mkebe wa biskuti, tukafunga, na akaniapisha kwamba Raya hatajua.

Siku ya tatu Raya akashikwa na uchungu. Tukampeleka hospitali, akajifungua mtoto wa kike salama, lakini damu ikakataa kusimama. Walimtundikia damu, na mimi nilitolewa yangu. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu adhuhuri, na sitaki kusema niliwaza nini. Saa kumi na moja akatoka muuguzi akatwambia imesimama. Mama alisujudu pale pale kwenye sakafu.

Miaka mitatu imepita. Mtoto anakimbia, anaiba sukari, ana maneno mengi. Mimi kadi niliacha, sasa nashona foronya. Mama alifariki mwaka jana, kwa maradhi ya kawaida ya uzee, na tangu hapo mkebe naujua peke yangu.

Kila baada ya wiki chache naufungua usiku wa kuamkia Ijumaa, nagusa kadi kwa kijiti. Gundi nyeupe hukauka kwa saa chache, muulize fundi yeyote. Hii kwa miaka mitatu ilikuwa mbichi kama nilivyoikamua, haina harufu, haina ukungu.

Raya ana mimba tena. Ni mwezi wa saba na amerudi kwetu, analala chumba kile kile. Wiki iliyopita alikuta mkebe chini ya kitanda changu akauliza una nini, nikasema sindano, akaurudisha. Usiku wake nikaufungua. Kwenye pembe ya kulia kadi imeanza kukauka. Pana ufa mmoja, mwembamba, urefu wake haufiki ukucha.

Nimenunua gundi. Naongeza kila asubuhi kabla hajaamka, na mpaka leo ule ufa haujasogea. Nimeshamueleza mumewe kwamba safari hii tunakwenda hospitali mapema, tukae huko huko. Hakuuliza sababu, na mimi sikumpa.

Nawe unayenisikiliza, kama kazi yako ni kuandika majina ya watu, iwe kwenye kadi, keki au mkufu, usiandike mpaka ujue mwenye jina ni nani na anatakiwa wapi. Mteja mwema hatachukia kuulizwa. Na ukipata jibu kama nililopata mimi, usigombane naye wala usikimbie ukamwachia mlango. Mwambie kazi bado mbichi.