Jembe la Golikipa

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa mjomba, Ipuli, hapa Tabora, bila kujua ninakokwenda. Kwangu halikuwa jambo geni. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua kila barabara inaishia wapi, na mjomba alishazoea kuniona natoka na shati la akiba begani. Aliniuliza kama nitarudi kula. Nikasema huenda.

Sokoni nikakuta lori linapakiwa mabati na magunia ya mbegu. Utingo alikuwa peke yake, nikamsaidia, maana sikuwa na kazi nyingine. Tulipomaliza nikamuuliza lori linakwenda wapi. Akanitajia kijiji kipya cha ujamaa, ndani kwenye miombo, ukiiacha barabara ya Urambo. Nikapanda juu ya magunia. Huko ndiko alikohamia golikipa wa timu yetu ya mpira.

Timu yetu ilianza kabla ya Uhuru kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja wa mjini, mtu mtaratibu, mswalihina, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi na hakuwahi kuupiga mpira hata siku moja. Jezi za kwanza alizishona kwa amerikani akazitia rangi ya kijani kwenye sufuria ya mkewe. Wachezaji wake wa mwanzo walikuwa maseremala, washona viatu na wauza vitambaa, Waislamu kama yeye. Baadaye wakaja wakulima wa Itetemia, Wakatoliki na Wamoraviani, watu wa vifua vipana. Kwa hiyo mazoezi hayakuwapo Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na mwezi wa Ramadhani wakulima hawakunywa maji mbele ya wenzao, ingawa hakuna aliyewakataza. Mvua zikianza timu ilikufa, kila mtu akashika jembe. Zikiisha ikafufuka. Naambiwa mara moja tu ilicheza mvua zikiwa zimeanza, siku za sherehe za Uhuru, kwenye tope. Watu waliingia uwanjani na ngoma mpira ukiendelea. Refa alipuliza filimbi mpaka akachoka, mwishowe naye akacheza ngoma.

Nilipojiunga nayo, kama winga wa akiba, Fundi alikuwa ameshazeeka. Mwaka huo wakubwa wa mpira walisema mji kuwa na timu mbili ni kugawa nguvu, na wakati ule neno umoja lilikuwa kila mahali. Zitacheza zenyewe kwa zenyewe, wakasema, na itakayofungwa itaingia ndani ya mwenzake, jezi na yote. Mechi ikapangwa Jumapili. Golikipa wetu alikuwa ameshahama na mama yake mjane, wamewafuata ndugu za mama. Aliyebaki langoni alikuwa kinyozi, kijana hodari, ila mpira ukimjia alifumba macho.

Tulimshauri Fundi atume mtu. Akakataa. Alisema mtu aliyekwenda kujenga kijiji haitwi kurudi mjini kucheza, na yeye hataki kumtia mwenzake katika maneno ya watu. Akaendelea kushona. Lakini niliona anashona mshono mmoja, anaufumua, anaushona tena.

Basi nilikuwa juu ya lori, na bado sikuwa na mpango.

Tulifika mchana. Nyumba zilikuwa zimejipanga mistari miwili, nyingine hazina paa. Wanaume walikuwa kwenye shamba la pamoja wanang'oa visiki, kila kaya na kipande chake, wawahi kabla ya mvua. Golikipa nilimjua kwa mabega. Alikuwa ameinama kwenye shimo, anakata mzizi kwa shoka, jembe lake amelilaza pembeni.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Babu yangu alikuwa Mzaramo, alifuata misafara ya wapagazi kutoka pwani akaoa Tabora. Golikipa ni Mnyamwezi. Njia ile ile ya misafara ilitufanya watani, na mtani akikamata kitu chako humkasirikii. Unakikomboa.

Nikaliokota jembe, nikalikalia.

"Jembe la Mnyamwezi huyu limekamatwa," nikasema kwa sauti. "Halitoki mpaka aje Jumapili asimame golini."

Shamba zima likaangua kicheko. Golikipa akainuka shimoni, shoka mkononi.

"Mzaramo," akasema, "kwenu jembe mlikuwa mkiliona kwenye kichwa cha mpagazi likipita. Leo umelikalia. Angalia lisikuume."

"Liniume. Kule langoni kinyozi anakutia aibu."

"Bado anafumba macho?"

"Sasa anafumba kabla mpira haujapigwa."

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Akaniuliza Fundi anasemaje. Nikamficha kwamba alikataa, nikasema tu hajui kama nimekuja. Alilifikiri jambo hilo huku akijifuta udongo mikononi. Nilimwona anataka kwenda. Niliona pia jinsi alivyokigeukia kipande chake, ambacho kilikuwa na visiki vingi kuliko cha jirani yeyote, kwa kuwa walifika mwisho wakapewa kilichobaki. Akaniambia taratibu kwamba mama yake ni mgeni hapa. Yeye akiondoka kwenda kucheza mpira, watakaosemwa ni wawili.

Mwenyekiti wa kijiji akaja kuona kinachochekesha. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikamweleza. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, jua kali vile. Akauliza ni mechi gani, nani anacheza na nani, na ikiwa ni kweli timu itakayofungwa inakufa. Halafu akasema ya watani yeye hawezi kuyavunja. Kilichokamatwa lazima kikombolewe, golikipa aende, arudi Jumatatu.

"Na visiki, ndugu mwenyekiti?" golikipa akauliza.

Mzee akanielekezea kidole.

"Jembe kalishika mwenyewe. Sisi hatukumpa."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Sheria niliyokuja nayo mimi ndiyo iliyokuwa imenikamata. Nilisema kwamba mimi nami ni mchezaji. Golikipa akawaeleza watu kwamba ndiyo, ni winga, na kwamba timu ikimkosa winga huyu haitajua kama imemkosa.

Aliondoka na lori lile lile lilipomaliza kushusha mzigo. Matokeo nayasema sasa hivi nisimsumbue msomaji: walitoka suluhu, bila kwa bila, wakubwa wakabishana hadi wakachoka, na timu zote mbili zikabaki kama zilivyokuwa. Lakini hayo niliyapata baadaye. Jioni ile nilichojua ni kwamba lori limeingia miomboni na mimi nimebaki na kisiki cha mninga ambacho hakikusogea hata nilipokipigia magoti.

Mama yake golikipa alikuja kunichukua jua likishuka. Hakuniuliza jina. Aliitazama mikono yangu, akaichekelea kidogo, akasema mwanawe amempa mkwe wa ajabu, anayekuja kulima kabla ya kuposa. Nikamwambia, "Mama, sisi Wazaramo tunaanza na kula." Akasema hilo alishalijua.

Nyumba yao ilikuwa imeezekwa nusu. Upande wenye paa alilala yeye. Upande wa pili kulikuwa na kitanda cha kamba cha mwanawe, na juu yake mbingu. Alinipa ugali wa mtama, mboga ya majani makavu na karanga, na asali kidogo kwenye kifuniko cha sufuria. Kisha akaleta blanketi, akalikung'uta mlangoni, akalitandika mwenyewe, na kuniambia kwamba kazi ya shambani huanza alfajiri.