Sura Mbili za Mwongozo Mnene

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha kompyuta cha hospitali, umeme ulikatika nikiwa bado nasalimia watu. Kila mkono ulikimbilia ukutani kuzima swichi, maana umeme wa Bujumbura hurudi kwa hasira na kuunguza mashine. Niliupenda umoja ule.

Baadaye nikawa mkuu wa kitengo. Tulikuwa tumebaki wawili tu, mimi na Muzee Salumu, fundi wa mtaa wa Buyenzi. Mtandao wa mapokezi ulikatika karibu kila siku, na wagonjwa walisubiri hadi nje juani. Mkurugenzi akaniita, akanisogezea mwongozo mnene wa usimamizi wa huduma za teknolojia.

"Mama Consolate, foleni ikiendelea hivi, kazi naipa kampuni ya nje. We na Salumu mutaenda kulima."

"Tufuate kitabu chote, Patron?"

"Muko wawili. Chagua."

Niliporudi nacho kitengoni, Salumu alikipekua, akacheka. "Kila kitu na kamati yake! Mi nitakuwa wajumbe wote, na we mwenyekiti?"

Tukachagua sura mbili. Moja ilitenganisha tukio na tatizo. Tukio ni huduma kukatika, unairudisha upesi. Tatizo ni mzizi wake. Unautafuta kwa utulivu. Sisi tulikuwa tumezoea kukimbilia matukio tu. Sasa Salumu alibaki akikimbilia matukio, mimi nikakaa mapokezi nikitazama.

Umeme ukakatika. Mikono ikaenda ukutani, na mmoja ukazima hata kisanduku cha mtandao kilichokuwa koridoni. Umeme uliporudi, kila mtu aliwasha mashine yake. Kisanduku kikabaki kimelala, na mtandao wa mapokezi pamoja nacho.

"Mbona hamukiwashi?"

"Kile si cha kwetu, Mama," alijibu Fidès wa mapokezi. "Mi nilijua ni cha Muzee Salumu."

Sura ya pili ilitaka kila huduma iwe na mwenyewe.

"Basi kuanzia leo ni chako, Fidès."

"Changu?" Akajiweka sawa kitini. "Basi mutu asikiguse!"

Siku chache baadaye Mkurugenzi alipita mapokezi, akakuta mabenchi yana nafasi. Akauliza kama ni sikukuu. Habari ya kampuni hatukuisikia tena. Sura nyingine tuliziacha bila aibu. Ni nzuri, ila zilihitaji nyumba kubwa kuliko yetu.

Sasa nimestaafu, naishi Musaga. Umeme ukikatika, mkono wangu bado hunitangulia ukutani. Ukirudi, kabla sijawasha taa yangu, namwona akilini Fidès akiinuka kwenda koridoni kuwasha kisanduku chake, na moyo wangu unatulia.