Nilimwambia mpwa wangu kuwa mama yake yumo kitabuni

Admin, jina langu lifiche kabisa. Siyo kwamba naogopa mtu, ila mimi nikitajwa tu, kuanzia Uvinza mpaka bandarini Kigoma kazi zinasimama. Nina miaka 54. Darasa la sita sikulimaliza kwa sababu walimu wenyewe walikuwa wananiuliza mimi mambo. Nimeendesha malori, nimeshauri madiwani, ugomvi wa vijiji viwili niliwahi kuuzima kwa kukohoa. Lakini hii ni wiki ya pili chakula hakipiti.

Sisi kwetu ni Mwamgongo, kule usikofika ila kwa boti. Dada yangu, aliyenipita miaka mitatu, alikuwa na kitabu cha hadithi za ziwa kilichoandikwa na mwalimu mmoja wa Ujiji. Akimaliza kuanika dagaa mchangani ananisomea. Dada akaja kufariki, akaacha binti wa miaka sita. Kwetu mtoto mdogo haambiwi kifo, anaambiwa mama amesafiri. Basi kila boti ikitia nanga yule mtoto anakimbia kutazama wanaoshuka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia asihangaike na boti, mwandishi wa Ujiji amemwandika mama yake, sasa yumo kitabuni.

Kitabu chenyewe kilipotea wakati wa msiba, kwa hiyo nikawa namhadithia kwa mdomo. Mama yako alivuka mpaka Kongo peke yake. Mama yako alimpiga mamba kwa kasia, mamba akaomba msamaha. Na mimi nikajitia humo humo, kwamba mwandishi ni rafiki yangu wa damu, haweki nukta bila kuniuliza. Mtoto akawa analala. Akakua hivyo; kifo alikuja kukielewa, ila kitabu hakuacha kukiamini.

Leo ni nesi hapa Tabora, ana mume na watoto wawili. Mwezi uliopita akachukua likizo, akaniambia, "Mjomba, tunakwenda Ujiji kwa rafiki yako. Wanangu wakamwone bibi yao kitabuni." Nikasema barabara mbaya. Akasema ina lami. Nikasema mzee hapendi wageni. Akasema mzee alishafariki, binti yake ndiye anatunza nyumba na maandishi yake, ameshaongea naye, na inakuwaje mimi rafiki yake sijui? Nikasema nilimficha ili asiumie.

Njia nzima watoto wananiuliza habari za bibi na mamba. Tulipofika Simbo kununua mawese nikajishika tumbo, nikitegemea tutageuza. Mume wake akaninunulia dawa, safari ikaendelea.

Nyumba ni ya kawaida tu, ila ina kabati limejaa madaftari. Binti wa mwandishi, mama mtu mzima, alitupokea kwa salamu yetu ya Kiha, "mwakeye", akatukalisha. Mpwa wangu akamwamkia, akamweleza alichofuata, akanionyesha mimi kuwa ndiye yule rafiki wa mzee. Yule mama akanitazama muda mrefu. Akasema tu, baba alikuwa na marafiki wengi.

Akatoa kitabu, akatoa na madaftari. Wakapekua wote wawili, jani kwa jani, mimi nasikia karatasi tu. Mwisho yule mama akamshika mkono. "Mwanangu, hadithi hiyo baba hakuiandika. Na Mwamgongo hakuwahi kufika. Baba alikuwa anaogopa boti."

Mpwa wangu hakulia. Alifunga kitabu kwa mikono miwili, akashukuru. Yule mtoto wake mdogo akauliza, "Mama, bibi yuko ukurasa wa ngapi?"

Tulipopita Uvinza, ndipo akasema bila kugeuka, "Mjomba, mimi sina picha ya mama. Sauti yake siikumbuki. Nilikuwa na yule wa kwenye hadithi, kumbe yule ni wewe." Nikaanza kujieleza. Akanikata. "Niambie kitu kimoja cha kweli kuhusu mama. Kimoja tu, usijisifu ndani yake."

Mimi huyu, ambaye baraza zima linaninyamazia nikiongea, nilikaa bubu mpaka Tabora. Tangu siku ile simu yangu hapokei. Mume wake anasema nimpe muda.

Ndugu zangu, kitu cha kweli ninacho. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikazama ziwani mbele ya akina mama wa dagaa. Dada aliingia na nguo zake, akaniburuta kwa kola ya shati. Wale akina mama wakaanza kucheka. Dada akawaambia wanyamaze, mdogo wake alikuwa anamfundisha kupiga mbizi. Aliwadanganya kwa ajili yangu, na mpaka anaingia kaburini hakuligusia tena. Huyo ndiye mama yake.

Sasa nishaurini, nyie mnaonisoma. Nimfuate nimwambie, au ataona nimetunga nyingine? Na nikimwambia, nimwambie yote? Maana maji yenyewe yalikuwa yananifika kiunoni.