Isale la Baba Mdogo

Usiku ule nililala na hasira zangu zote, hata viatu sikuvua. Mchana wake Baba mdogo alikuwa ameingia kihambani na wageni wawili bila kuniambia kama wanakuja. Kihamba ni bustani ya ukoo wetu huku mlimani: nyumba katikati, migomba na kahawa kuizunguka. Bibi yangu, aliyemzaa Baba mdogo, tumemzika humo humo chini ya migomba. Wageni wakapima, wakachomeka kigingi karibu na kaburi, wakasema hapo panafaa kujengwa hoteli. Nami nikawapikia ndizi, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Walipokwisha kula, Baba mdogo akanikabidhi isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani, akasema, "Manka, nimekukosea. Nisamehe, niuze kwa amani." Kwetu anayekujia na isale mkononi hakataliwi. Nikalipokea mbele ya watu, na mdomo wangu ukafungwa.

Basi nikalala, na Bibi akaja.

Hakupita mlangoni. Nilimwona kihambani, gauni amelikunja na kulifunga kiunoni, anakata majani makavu ya migomba kwa mundu wake uleule uliopotea siku za msiba. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Hakuitikia. Alikuwa hivyo hata katika uhai wake: ukimkuta kazini unashika kazi kwanza, mengine baadaye. Nikainama, nikaanza kung'oa magugu kwenye magimbi. Maji ya mfereji yanapita kati ya vidole vyangu vya miguu, halafu mfereji unaingia ndani ya nyumba nasi tunaufuata, na sebuleni migomba imeota kati ya viti. Wageni wa mchana wamekaa pale, viatu vyao vimezama matopeni, wanatazama saa zao.

"Wamekula?" Bibi ananiuliza.

"Wamekula, Bibi."

"Basi inatosha. Ndizi tumewapa. Migomba hatuwapi."

Nikiwatazama tena, viti ni vitupu. Ndipo machozi yananitoka, na hasira nayo. Namwambia kwamba mimi ni mtoto wa kike niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, kwamba Baba mdogo ndiye mwenye sauti kwenye ukoo, kwamba isale nimeshalipokea na sina la kufanya. "Na wewe ulikufa bila kusema kihamba unamwachia nani," namwambia. Sikuwahi kumsemesha hivyo alipokuwa hai, na sioni haya.

Hakasiriki. Ananyoosha mkono.

"Lilete."

Nampa isale. Analigeuza, analipapasa shina kwa kidole gumba, kisha anacheka kile kicheko chake cha puani, ambacho nilikuwa nimekisahau.

"Mwanangu huyu mji umemmaliza," anasema. "Msamaha unaombwa kwa jani lililofungwa fundo. Yeye kakata na shina lake."

"Sasa nifanyeje, Bibi?"

"Shina linapandwa."

Ananirudishia. Anaokota mundu, anaondoka kati ya migomba bila haraka, na nikiwa hata simwoni tena nasikia sauti yake ikiitikia salamu yangu: "Marahaba."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka, na isale lilikuwa mezani nilipolitupa, bado bichi. Sikunawa uso. Viatu nilikuwa navyo miguuni tayari, nikatoka moja kwa moja hadi kaburini, nikang'oa kigingi cha wageni, na katika shimo lilelile nikapanda isale, nikalishindilia udongo kwa kisigino. Isale likishapandwa, mtu wa ukoo wetu haling'oi. Hilo hata Baba mdogo hajalisahau.

Msamaha alioomba nimempa, wala sina kinyongo naye. Kihamba hakiuzwi. Akija tena na wageni wake nitawapikia ndizi, wale washibe. Kisha nitampeleka pale kwa mama yake, nimwonyeshe isale aliloleta mwenyewe, na nimwambie aling'oe kwa mkono wake.